Binti yangu anataka kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota. Aanzie wapi?

Swali la msomaji: "Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, na asili yetu ni Nakuru. Binti yetu ana miaka 19, yuko mwaka wa pili chuoni. Tulikuja naye akiwa na miaka 6. Majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo waliwahi kutembelea shule yao na kusikiliza kesi pale pale mbele ya wanafunzi, na tangu siku hiyo hataki kusikia kazi nyingine. Baba yake anasema hiyo ni siasa tupu, eti huku majaji hupigiwa kura kama madiwani, na tena mtu asiyezaliwa Marekani hawezi kupewa kiti hicho. Ni kweli? Afanye nini, itachukua miaka mingapi, na kazi yenyewe ikoje?"

Mama, baba watoto amepata moja na kukosa moja. Ni kweli majaji wa Minnesota hupigiwa kura. Si kweli kwamba lazima uwe umezaliwa Marekani. Sharti la kuzaliwa raia linamhusu rais na makamu wake. Kwa jaji wa Minnesota, katiba ya jimbo inataka mtu mwenye haki ya kupiga kura, aliyetimiza miaka 21, na aliye "msomi wa sheria", maneno ambayo mahakama imeyatafsiri kuwa ni wakili mwenye leseni. 

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yenu wazazi, wala si yake: uraia wake umesimama wapi? Kama mmoja wenu aliapishwa kuwa raia kabla binti hajatimiza miaka 18, naye wakati huo alikuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu na anaishi chini ya ulezi wa mzazi huyo, basi alikuwa raia siku hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyemwambia. Sheria ya mwaka 2000 ndiyo inayosema hivyo. Kinachobaki ni kumtafutia ushahidi, yaani pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia kinachoombwa kwa fomu N-600. Kama hakuna mzazi aliyekuwa raia wakati huo, ataomba mwenyewe kwa fomu N-400 akishatimiza miaka mitano ya ukaazi wa kudumu. Msiliache jambo hili mpaka atakapokuwa wakili. Na akihamia jimbo jingine, asome katiba ya huko kabla ya kufungasha. Missouri, kwa mfano, inataka jaji wa mahakama yake ya juu awe amekuwa raia wa Marekani kwa miaka 15 na mpiga kura wa jimbo hilo kwa miaka tisa. Mtu aliyechelewa kuchukua uraia anaweza kuwa wakili mzuri kuliko wote na bado akabaki nje.

Tuelewane pia kuhusu majina, kwa sababu yanapotosha hata wanafunzi wa sheria. Kila jimbo lina katiba yake na mahakama yake ya mwisho. Texas na Oklahoma zina mbili mbili, moja ya madai na moja ya jinai, ndiyo maana majimbo 50 yana mahakama za mwisho 52. New York ndiyo kiboko ya kuchanganya watu: huko inayoitwa Mahakama ya Juu ni ile kesi inapoanzia, na ya mwisho inaitwa Mahakama ya Rufaa. Maryland nayo ilikuwa na mtindo kama huo mpaka wapiga kura walipobadilisha jina mwaka 2022. Ninyi mliozoea kutofautisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu kule Kenya mnajua adha hii. Minnesota haina fumbo: kesi huanzia mahakama ya wilaya, hupanda Mahakama ya Rufaa iliyoanza kazi 1983, na huishia Mahakama ya Juu yenye majaji saba, Jaji Mkuu na wenzake sita.

Watu wengi hudhani mahakama hii ni kituo cha njiani kuelekea Mahakama ya Juu ya Marekani kule Washington. Sivyo. Zaidi ya kesi 90 kati ya kila 100 nchini Marekani huendeshwa katika mahakama za majimbo: mauaji, talaka, mirathi, mikataba, ajali za barabarani, mwenye nyumba na mpangaji. Juu ya maana ya katiba ya Minnesota, majaji hawa saba ndio neno la mwisho, na Mahakama ya Juu ya Marekani haiwezi kuwasahihisha maadamu hawakuvunja sheria ya shirikisho. Hapo pana ufundi ambao jaji mgeni huukosa. Tangu kesi ya Michigan v. Long ya mwaka 1983, hukumu ya jimbo isiyosema waziwazi kwamba imesimama juu ya katiba ya jimbo peke yake inaweza kuchukuliwa na Washington ikachunguzwa upya. Sentensi moja iliyosahauliwa inatosha kuufungua mlango. Mfano mzuri wa kinyume chake ni Doe v. Gomez ya 1995, ambapo Mahakama ya Juu ya Minnesota ilikuta haki ya kutoa mimba ndani ya katiba ya jimbo lenyewe. Washington ilipofuta haki hiyo katika katiba ya shirikisho mwaka 2022, ya Minnesota haikuguswa.

Sasa njia yenyewe. Masomo yana ngazi zinazojulikana: digrii ya kwanza ya miaka minne, ya somo lolote, kisha LSAT, yaani mtihani wa kuingilia shule ya sheria, kisha miaka mitatu ya shule ya sheria. Halafu mtihani wa uwakili wa siku mbili na mwingine wa maadili wenye maswali 60, ambao Minnesota hudai alama 85. Muundo wa mtihani mkuu unabadilika nchi nzima, na ule mpya unaingia kwa awamu kuanzia 2026, kwa hiyo asinunue leo vitabu vya mtihani atakaoufanya baada ya miaka sita. Akienda bila kupumzika atapata leseni akiwa na miaka 25 hivi.

Wengi hukwama mahali wasipopatarajia, nako ni kwenye uchunguzi wa mwenendo. Bodi ya mitihani ya mawakili huchukua fomu aliyojaza wakati wa kuomba shule ya sheria, ikailinganisha na ile anayojaza kuomba leseni. Deni alilolitelekeza, kukamatwa na polisi hata kama kesi ilifutwa, kunakili kazi ya mwenzake chuoni: hayo peke yake mara nyingi husamehewa. Kisichosameheka kirahisi ni kutaja jambo kwenye fomu moja na kulificha kwenye nyingine. Mwambieni tangu leo atunze faili ya anwani zote alizowahi kuishi, kazi zote alizofanya na kila barua ya mahakama au ya chuo. Itamfaa leseni, na itamfaa zaidi miaka 20 baadaye, ofisi ya gavana itakapomchunguza.

Baada ya leseni, ngazi zinaisha, na hapa ndipo ninapotaka akae na kufikiri. Hakuna kupandishwa cheo mpaka Mahakama ya Juu. Kuna kiti kinachobaki wazi, na kuna milango miwili ya kukiingia. Anayejua kazi ya milango hiyo hupanga maisha yake tofauti na anayengoja kuitwa.

Mlango wa kwanza ni gavana. Kwa karatasi, Minnesota ni jimbo la uchaguzi: jaji hupigiwa kura kila baada ya miaka sita, bila chama kuandikwa kwenye karatasi ya kura. Kwa vitendo, jaji anayetaka kuondoka mara nyingi hujiuzulu au kustaafu katikati ya muhula, na nafasi inayobaki wazi hujazwa na gavana. Aliyeteuliwa hukaa mpaka uchaguzi mkuu unaokuja zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuteuliwa kwake. Hesabu kidogo itaonyesha uzito wa maneno hayo. Aliyeteuliwa Oktoba 2025 anakutana na wapiga kura Novemba 2026. Aliyeteuliwa Desemba 2025, miezi miwili tu baadaye, hakutani nao mpaka Novemba 2028. Na siku hiyo ikifika, kando ya jina lake kunachapishwa kwamba ndiye aliyemo madarakani. Mpinzani pia lazima ataje ni kiti kipi anachogombea, kwa hiyo anakuwa anamtaja mtu anayetaka kumtoa. Mpiga kura ambaye hajawahi kuwasikia wote wawili huliacha jina lililo na alama hiyo mahali pake. Ndiyo maana ni nadra sana aliyemo kuangushwa.

Mlango wa pili ni sanduku la kura, na aliyeupita kwa jina kubwa ni Alan Page. Mzee huyu alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Minnesota Vikings, mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 1971, na alimaliza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1978 akiwa bado anacheza. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya mawakili, kisha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Mwaka 1992 alitaka kugombea kiti kilichokuwa cha Jaji Lawrence Yetka. Gavana Arne Carlson akaongeza muda wa Yetka, maana yake uchaguzi wa kiti hicho usingefanyika mwaka ule. Page akaenda mahakamani. Mahakama ipi? Hiyo hiyo aliyotaka kuingia! Majaji wake wakakaa pembeni, wakaketi wengine badala yao, nao wakaamua kwamba nyongeza ile haikuwa halali. Uchaguzi ukafanyika, Page akashinda, na Januari 1993 akaapishwa kuwa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo. Alichaguliwa tena 1998, 2004 na 2010, akastaafu Agosti 2015 alipotimiza miaka 70, kwa sababu sheria ya Minnesota humtoa jaji mwisho wa mwezi anaotimiza umri huo.

Wengi wanaokisimulia kisa hicho huishia kwenye umaarufu wa mpira. Mimi naona jambo lingine: Page alijua sheria ya nafasi zilizo wazi kuliko watu waliokuwa wakimzuia.

Njia ya gavana inaonekana vizuri kwa wanawake wawili. Natalie Hudson alianzia msaada wa kisheria kwa maskini, akawa mwanasheria wa jiji la St. Paul, kisha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, akateuliwa Mahakama ya Rufaa 2002. Mwaka 2015 ndiye aliyekalia kiti alichokiacha Page, na 2023 akawa Jaji Mkuu. Wilhelmina Wright alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho, akawa jaji wa wilaya 2000, wa Rufaa 2002, wa Mahakama ya Juu 2012, kisha akaenda kuwa jaji wa shirikisho 2016. Angalia miaka: Hudson alikuwa na 58 alipofika, Wright 48, na Page 47 alipochaguliwa. Binti yako akifika akiwa na miaka 45 atakuwa hakuchelewa hata kidogo. Ni zaidi ya miaka 25 kutoka leo, na baba yake ajipange hivyo.

Kiti kikibaki wazi, ofisi ya gavana hutangaza na kupokea maombi. Mkenya anayewajua majaji kwa kuwaona wakihojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama, kwenye televisheni, atashangaa: mahojiano ya Minnesota hufanyika faragha, na kwa Mahakama ya Juu gavana hafungwi na orodha ya tume yoyote. Missouri ndiyo yenye mfano unaokaribia kidogo ule wa Nairobi. Tangu 1940 tume ya watu saba, yaani jaji mmoja, mawakili watatu waliochaguliwa na wenzao na wananchi watatu walioteuliwa na gavana, humpelekea gavana majina matatu. Asipochagua ndani ya siku 60, tume inachagua yenyewe. Mteule hupigiwa kura ya ndiyo au hapana baadaye, bila mpinzani. Mwaka 2007 tume iliyoongozwa na gavana wa zamani Al Quie ilipendekeza Minnesota ifuate kura ya namna hiyo. Bunge halikupitisha.

Waombaji wazuri huangukia wapi? Kwanza kwenye maandishi. Mwombaji husaidiwa sana na hoja za rufaa alizoandika mwenyewe, na wakili aliyeishi miaka 20 akimaliza kesi kwa maelewano nje ya mahakama hana cha kuonyesha. Pili kwenye marejeo: watu watakaopigiwa simu ni mawakili aliowashinda na waliomshinda, na mahakimu aliosimama mbele yao. Aliyezoea kuchelewesha nyaraka au kuwakejeli wenzake hugundua siku hiyo kwamba watu hawasahau. Tatu ni kodi. Wapo waliokuwa na kila kitu wakaangushwa na fomu ya kodi ya yaya wa nyumbani ambayo hawakuipeleka.

Kwa hiyo baada ya shule ya sheria, mwaka mmoja au miwili wa kuwa msaidizi wa sheria wa jaji ni mali kuliko mshahara wa kampuni kubwa. Msaidizi husoma hoja za pande zote, huandika muhtasari kabla ya kesi kusikilizwa, na huandaa rasimu za hukumu. Huko ndiko anakoona ni hoja gani humfanya jaji akunje uso. Nafasi hizi huombwa akiwa bado shuleni, wakati mwingine zaidi ya mwaka kabla, na anayengoja mpaka ahitimu hukuta zimekwisha. Baada ya hapo, ofisi ya rufaa ya Mwanasheria Mkuu au ya watetezi wa umma itampa kile ambacho kampuni kubwa haimpi mtoto mpya: kusimama mwenyewe mbele ya majaji watatu akiulizwa.

Kazi yenyewe ni ya ukimya kuliko watu wanavyodhani. Jaji wa Mahakama ya Juu hasikilizi mashahidi. Sehemu kubwa ya siku ni kusoma. Aliyeshindwa Mahakama ya Rufaa ana siku 30 kuomba asikilizwe, na maombi mengi hukataliwa bila maelezo. Swali ambalo majaji hujiuliza ni kama jambo hilo litawagusa wengine wengi, au kama mahakama za chini zinalitafsiri kila moja kivyake. Kukosea kwa mahakama ya chini peke yake hakutoshi, na hilo huwauma sana wateja. Zipo kesi zisizopita mlango huo: aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya daraja la kwanza hukata rufaa moja kwa moja Mahakama ya Juu, nayo lazima imsikilize.

Siku ya kusikiliza, mkata rufaa ana dakika 35, mjibu rufaa 25. Wakili akidhani atasoma hotuba yake amekwisha, kwa sababu swali la kwanza linaweza kuja kabla hajamaliza sentensi ya pili. Kisha majaji saba huingia chumbani peke yao, hata wasaidizi hawamo, na kila mmoja husema angeamua vipi na kwa nini. Katika majimbo mengi anayeandika hukumu hupangwa kwa zamu au kwa bahati nasibu, tofauti na Washington ambako Jaji Mkuu akiwa upande wa walio wengi humchagua mwandishi. Rasimu huzungushwa kwa wote. Hapa ndipo kazi halisi ilipo: mmoja hukubali matokeo lakini anakataa aya ya tisa, mwingine anasema neno fulani litafungua kesi 50 mpya, na mwandishi hulazimika kuchagua kati ya hukumu aliyoitaka na kura nne anazozihitaji. Hukumu kali iliyobaki na kura tatu ni maoni ya walioshindwa, haidhuru imeandikwa vizuri namna gani. Zinazopita hutolewa Jumatano asubuhi.

Kisa kimoja kitaonyesha mengi. Uchaguzi wa seneta wa Minnesota wa Novemba 2008 kati ya Norm Coleman na Al Franken ulikuwa wa karibu mno. Coleman aliongoza kwa kura 215 katika hesabu ya kwanza, na baada ya kuhesabu upya na kesi ya majaji watatu Franken akaongoza kwa 312, kati ya kura zinazokaribia milioni tatu. Rufaa ilipofika Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu Eric Magnuson na Jaji G. Barry Anderson walijiondoa, kwa sababu walikuwa wameketi kwenye bodi iliyosimamia kuhesabu upya. Huwezi kusikiliza rufaa inayohusu kazi yako mwenyewe. Wakabaki watano, na kwa kuwa Jaji Mkuu hayupo, mwenye muda mrefu zaidi akashika kiti: Alan Page. Coleman alidai kaunti zilitumia vipimo tofauti kukubali kura zilizotumwa kwa posta. Mahakama ilijibu kwamba masharti ya kura hizo yameandikwa na Bunge na hayalegezwi kwa sababu matokeo ni ya karibu. Walisikiliza Juni 1, 2009 na kuamua Juni 30, wote watano kwa sauti moja, hukumu isiyo na jina la mwandishi. Miongoni mwao walikuwamo walioteuliwa na gavana wa chama cha Coleman. Wiki moja baadaye Franken akaapishwa.

Mzee wako sasa ataniuliza kuhusu siasa, na hapo sitambishia sana. Wisconsin, jirani zenu, uchaguzi wa kiti kimoja Aprili 2025 kati ya Susan Crawford na Brad Schimel ulitumia karibu dola milioni 100. North Carolina, kiti cha 2024 kiliamuliwa kwa kura 734 na mzozo wake ukafika Mei 2025. Wapiga kura wa Iowa waliwatoa majaji watatu kwa mkupuo 2010, mwaka mmoja baada ya mahakama yao kuhalalisha ndoa za jinsia moja kwa kauli moja. California ilikuwa imefanya hivyo hivyo 1986, Jaji Mkuu Rose Bird na wenzake wawili, kwa sababu ya adhabu ya kifo. Minnesota ni tulivu ukilinganisha na hao, lakini sheria zilizoizuia isifanane nao zimepungua. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta kanuni ya Minnesota iliyomkataza mgombea ujaji kutangaza msimamo wake juu ya mambo yenye ubishi. Mgombea leo anaweza kusema anavyoona. Asichoweza ni kuahidi ataamuaje kesi itakayoletwa mbele yake, wala kumwomba mtu mmoja mmoja fedha uso kwa uso. Hiyo ni kazi ya kamati yake ya kampeni.

Fedha hizo zina mkia. West Virginia, mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe alitumia dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja kushinda, huku kampuni yake ikiwa na rufaa ya hukumu ya dola milioni 50 njiani. Jaji yule alikataa kujiondoa, akapiga kura upande wa kampuni. Mwaka 2009 Washington iliamua, tano kwa nne, kwamba alipaswa kujiondoa. Na wanaoanguka mara nyingi huanguka kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Joan Orie Melvin wa Pennsylvania alitiwa hatiani 2013 kwa kuwatumia wafanyakazi wa ofisi katika kampeni yake. Allen Loughry wa West Virginia, aliyewahi kuandika kitabu kuhusu ufisadi wa jimbo hilo, alifungwa miaka miwili baada ya kashfa iliyoanza na kochi la dola 32,000 ofisini na meza ya kale ya serikali iliyokutwa nyumbani kwake.

Kuhusu kipato: majimbo mengi hulipa majaji hawa kati ya dola 150,000 na 300,000 kwa mwaka. Ni maisha mazuri Brooklyn Park, ila wakili wa mwaka wa kwanza katika kampuni kubwa za New York huanza na 225,000. Jaji haruhusiwi kufanya uwakili pembeni, zawadi na mali zake hutangazwa, na akienda harambee ya wanakijiji wenzake hawezi kushika kipaza sauti na kuchangisha. Kwa jamii yetu hilo la mwisho ni gumu kuliko mshahara. Binti azoee mapema kusema hapana kwa shangazi.

Kwa mwaka huu, asitafute kozi yenye neno sheria. Achague somo litakalomlazimisha kuandika kurasa 20 zenye hoja moja: historia, falsafa, uchumi, hata hisabati. Video za kesi zinazosikilizwa huwekwa kwenye tovuti ya mahakama, pamoja na hoja za maandishi za pande zote. Achague kesi moja kwa mwezi iliyogawanya majaji. Asome hoja kwanza, aangalie zile dakika 60, aandike mwenyewe angeamuaje, ndipo afungue hukumu. Kisha aanze na maoni ya walioshindwa, na aandike kurasa mbili za kuyajibu bila kutumia hoja hata moja ya walioshinda.